Bakteria sugu wodini: namna ya kuwakatia njia

Bakteria hana miguu. Akitoka kitanda namba 4 akaonekana kitanda namba 9, ujue kuna aliyembeba: mkono wa mhudumu, mkanda wa kupimia presha, kitambaa cha kufutia meza, au chupa ya maji ya chumvi iliyochotwa kwa wagonjwa wawili. Antibiotiki humpalilia yule sugu kwa kuwaua wenzake na kumwachia uwanja, lakini hazimsafirishi. Hospitali nyingi huanzia dirisha la famasia, zikabana dawa, huku mikono, masinki na mirija vikibaki vile vile. Hapa tunaanza na njia anazosafiria, dawa zitafuata.

Mwongozo ni wa wodi yoyote ya kulaza, ila uzito zaidi uko kwa wagonjwa mahututi, watoto wachanga, majeraha ya moto na upasuaji, maana huko ndiko mirija na antibiotiki hukutana kwa wingi.

1. Jua unapambana na nani

Majina yanayorudi mara kwa mara ni machache. MRSA ni Staphylococcus aureus asiyesikia dawa za jamii ya penisilini na sefalosporini nyingi. Huyu hukaa puani na kwenye ngozi. E. coli na Klebsiella wanaotengeneza vimeng'enya vya ESBL huvunja sefalosporini kama seftriaksoni. Wakipiga hatua nyingine wakastahimili hata karbapenemu, antibiotiki zenye wigo mpana, wanaitwa CRE. Makao yao ni utumbo, kwa hiyo njia yao kuu ni kinyesi: nepi, chombo cha haja cha kitandani, mikono iliyomgeuza mgonjwa. Acinetobacter baumannii huvumilia ukavu na anaweza kuishi kwenye kingo za kitanda kwa wiki, hata miezi. Pseudomonas aeruginosa ni wa maji: sinki, bomba, chombo cha unyevu cha oksijeni.

Tabia hizi ndizo zinazokuambia pa kuanzia. Ukipata Acinetobacter watatu, kagua vifaa na usafi wa vitanda. Pseudomonas akijirudia, fuata maji. Kumtafuta CRE kwa kusugua sakafu peke yake ni kupoteza sabuni.

Maambukizi yahesabiwe kuwa ya hospitalini pale dalili zinapoanza baada ya saa 48 tangu mgonjwa alazwe. Fungua daftari moja lenye safu hizi: namba ya mgonjwa, tarehe ya kulazwa, alitoka wapi, kitanda, mirija aliyo nayo na tarehe ilipowekwa, sampuli, bakteria, dawa zilizoshindwa, dawa anazotumia. Kisha kila siku, saa ile ile, hesabu waliolala wodini na wangapi kati yao wana mpira wa mkojo, mrija wa mshipa mkubwa au mashine ya kupumulia. Mwisho wa mwezi gawanya. Maambukizi 3 ya mkojo katika siku 240 za mpira ni 3 ÷ 240 × 1000, yaani 12.5 kwa kila siku 1000 za mpira. Bila kigawanyo hicho, mwezi wodi ilipofurika utaonekana wa balaa na mwezi wa vitanda vitupu utaonekana wa sifa, hata kama kazi ilikuwa ile ile.

Mara moja kwa mwaka maabara itoe jedwali la usugu la hospitali. Masharti ni mawili: kwa kila mgonjwa ihesabiwe sampuli ya kwanza tu ya kila aina ya bakteria, na asilimia isiandikwe kwa bakteria aliyepatikana chini ya mara 30. Mgonjwa mmoja aliyelala miezi miwili na kupimwa mara 11 anaweza peke yake kulifanya jedwali liseme uongo. Programu ya WHONET, ambayo ni ya bure, hufanya mahesabu haya.

2. Mikono

Nyakati 5 za kusafisha mikono zilizowekwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) zinajulikana: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, kama kuchoma sindano au kufungua mrija, baada ya hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Zile za "baada" watu huzitimiza vizuri zaidi, kwa kuwa mhudumu anajihami mwenyewe. Zile za "kabla" ndizo zinazomkinga mgonjwa, na ndizo zinazorukwa.

Tazama jambo dogo hili. Muuguzi anavaa glavu safi, anavuta pazia, anasogeza stendi ya dripu, anainua kichwa cha kitanda, anaweka sawa shuka, kisha kwa glavu zile zile anafungua mdomo wa kanula (mrija mdogo wa kwenye mshipa) na kusukuma dawa. Kila aliyeko wodini ameona glavu na ameridhika. Lakini glavu ile imeshapita sehemu nne kabla ya kufika kwenye damu. Ilipaswa avute pazia na kupanga kitanda kwanza, asafishe mikono, avae glavu ikiwa zinahitajika, ndipo aguse mrija bila kugusa kitu kingine katikati. Mafunzo yakazie mpangilio huo wa kazi kuliko wimbo wa "osheni mikono".

Kwa kitakasa cha alkoholi, chukua kiganja kilichojaa, takriban mililita 3, na sugua kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka mikono ikauke yenyewe. Kwa maji na sabuni, shughuli nzima ni sekunde 40 hadi 60. Sehemu zinazosahaulika ni ncha za vidole, dole gumba na mapito ya katikati ya vidole. Pete, saa na kucha za bandia zibaki nyumbani. Maji na sabuni ni lazima mikono ikiwa imechafuka kwa macho, na kwa mgonjwa mwenye kuhara kwa Clostridioides difficile, kwa sababu alkoholi haiui mbegu za bakteria huyo.

Chupa iwe miguuni pa kila kitanda au mfukoni mwa mhudumu. Chupa moja mlangoni ni pambo. Kujua kama inatumika, pima ujazo unaoisha: kiwango cha chini kinachotajwa na WHO ni lita 20 kwa kila siku 1000 za wagonjwa. Wodi ya vitanda 30 iliyojaa mwezi mzima ina siku 900, kwa hiyo inapaswa kumaliza angalau lita 18, sawa na chupa 36 za mililita 500. Ukikuta imemaliza chupa 9, hiyo ni mililita 5 kwa mgonjwa kwa siku nzima. Yaani mikono haikusafishwa hata mara mbili kwa kila mgonjwa kwa siku, bila kujali fomu za ukaguzi zinasema asilimia ngapi. Watu hubadilika wakijua wanatazamwa, lakini chupa tupu haina cha kumficha mtu.

*Kutengeneza lita 10 za kitakasa*

Fomula ya WHO ya ethanoli inataka:

- ethanoli ya 96%: mililita 8333
- haidrojeni peroksaidi ya 3%: mililita 417
- gliserini ya 98%: mililita 145
- maji yaliyochemshwa yakapoa, au maji yaliyokenekwa, mpaka kufika lita 10

Mimina ethanoli kwenye chombo chenye alama ya lita 10, ongeza peroksaidi, kisha gliserini. Gliserini ni nzito na hung'ang'ania kipimio, kwa hiyo suuza kipimio kwa yale maji na uyamimine ndani. Ukiacha hivyo hivyo, mikono ya watu itakauka na kupasuka, nao watakiacha kitakasa. Jaza maji hadi alama ya 10, funika upesi kabla alkoholi haijapaa, tikisa taratibu. Gawa kwenye chupa na uziweke kando kwa saa 72 kabla ya kutumia: peroksaidi imo humo kuua mbegu za bakteria zilizokuwa ndani ya mchanganyiko au chupa, na inahitaji muda huo. Pima kwa kipima-alkoholi: lengo ni 80%, inayokubalika ni kati ya 75% na 85%. Mchanganyiko huu huanza kutoa mvuke unaoshika moto kwenye takriban nyuzi joto 17.5, kwa hiyo chumba kiwe na hewa, na pasiwe na jiko wala sigara.

Chupa ikiisha, ioshwe, ikauke ndipo ijazwe. Hili lina uzito zaidi kwa sabuni ya maji: kuongezea mpya juu ya masalio ya wiki iliyopita ni kufuga Pseudomonas na Serratia ndani ya chombo kile kile unachotegemea kikusafishe.

3. Mgonjwa aliyembeba bakteria sugu

Kubeba si kuugua. Mgonjwa anaweza kuwa na CRE utumboni bila homa wala dalili yoyote, na anaweza kuendelea kuwa naye kwa miezi. Huyu hatibiwi kwa antibiotiki. Kumtibu ni kumwagia bakteria mbolea. Kinachotakiwa ni kumjua mapema.

Pima wanaolazwa wakitokea hospitali nyingine, waliolazwa popote ndani ya miezi 12 iliyopita, na waliolala chumba kimoja na mbebaji. Kwa CRE, pamba ya kipimo iingie kwenye njia ya haja kubwa na itoke na rangi ya kinyesi. Ikitoka nyeupe, rudia, maana jibu la "hana" la pamba nyeupe halina thamani. Kwa MRSA, pamba ni ya puani, tundu zote mbili.

Aliyepatikana apewe chumba chake chenye choo. Vyumba visipotosha, walaze pamoja wenye bakteria mmoja na usugu wa namna moja. Mwenye MRSA na mwenye CRE hawalazwi pamoja kwa kuwa tu wote ni "sugu". Pasipo chumba kabisa, mpe kitanda cha pembeni mbali na sinki, nafasi isiyopungua mita 1 hadi kitanda cha jirani, weka alama sakafuni, na mkanda wa presha, stetoskopu na kipimajoto vibaki hapo hapo. Anayemhudumia avae gauni na glavu kabla ya kuingia eneo hilo. Wakati wa kuvua: glavu kwanza, safisha mikono, gauni kwa kulikunja ndani nje, safisha mikono tena. Ukivua gauni ukiwa umelishika kwa mikono isiyosafishwa, umeipaka shingo yako kilichokuwa kifuani.

Muuguzi mmoja awahudumie wabebaji katika zamu ikiwezekana. Isipowezekana, awaache mwisho wa raundi. Raundi ya madaktari ifuate utaratibu huo huo, ingawa ndiyo inayokuwa ngumu kuielekeza.

Kwa MRSA kabla ya upasuaji mkubwa wa moyo au viungo bandia, mafuta ya antibiotiki ya mupirosini ya 2% puani mara 2 kwa siku kwa siku 5, pamoja na kuoga kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi, hupunguza maambukizi ya kidonda. Kwa CRE wa utumbo hakuna mpango wa kumsafisha unaopendekezwa kwa kawaida, kwa hiyo usijaribu.

4. Usafi wa kitanda na vifaa

Klorini haifanyi kazi juu ya uchafu. Damu, makohozi na kinyesi huimaliza nguvu kabla haijamfikia bakteria. Kwa hiyo kwanza sabuni na maji, kisha klorini. Viwango viwili vinatosha: 0.1% kwa sehemu zilizokwisha kusafishwa, 0.5% kwa damu na majimaji ya mwili yaliyomwagika.

Kwa klorini ya maji: gawanya asilimia uliyo nayo kwa asilimia unayoitaka, toa 1; jibu ni sehemu za maji kwa sehemu 1 ya klorini. Ya 3.5% kwenda 0.1% ni 35 toa 1, yaani sehemu 34 za maji. Ya 5% kwenda 0.5% ni sehemu 9. Kwa unga wa 70%: gramu 1.4 kwa lita 1 hutoa 0.1%, na gramu 7 kwa lita hutoa takriban 0.5%. Tumia mizani au kijiko kilichopimwa, kwa sababu "kofia moja" ya mtu huyu si kofia ya yule. Changanya kwa maji baridi, kila siku upya, andika saa, na weka mbali na jua. Kamwe usiichanganye na asidi ya kusafishia choo wala sabuni yenye amonia. Moshi wake unaumiza mapafu. Wala usiinyunyizie hewani au juu ya vitanda kwa bomba. Kinachoondoa bakteria ni kufuta.

Utaratibu wa kufuta eneo la mgonjwa:

1. Anza pasafi kwenda pachafu, juu kwenda chini. Choo ni cha mwisho.
2. Kunja kitambaa mara mbili upate nyuso 8. Kila uso una sehemu yake, ukichafuka, geuza. Nyuso zikiisha, chukua kitambaa kingine.
3. Kitambaa kilichotumika hakirudi kwenye ndoo. Hapa ndipo wodi nyingi huharibikiwa: ndoo inakuwa supu, na kitanda cha tano kinapakwa cha kwanza.
4. Gusa vinavyoguswa: kingo za kitanda, kitufe cha kuita, meza ya chakula, stendi na pampu ya dripu, swichi, kitasa, kiti.
5. Acha pabaki na unyevu kwa muda ulioandikwa kwenye dawa. Kwa klorini ya 0.1% panga dakika 10. Kupafuta pakavu mara moja ni kuosha tu.
6. Vyuma futa kwa maji safi baadaye, klorini inavila.

Kitambaa na gauni la mhudumu wa usafi visitoke kitanda kimoja kwenda kingine. Mara mbili kwa siku kwa wodi za mahututi, na usafi wa kina mgonjwa akiondoka, pamoja na mapazia na upande wa chini wa godoro. Godoro lililopasuka halisafishiki, litupwe.

Kupima kama kazi imefanyika, paka nukta ndogo za geli isiyoonekana inayong'aa kwa mwanga wa urujuanimno kwenye sehemu 10 kabla ya usafi, kisha rudi na tochi. Mwonyeshe mhudumu mwenyewe zilizobaki. Ukitumia matokeo kumkata mshahara, wiki ijayo nukta zitafutwa na kitanda kitabaki kilivyokuwa.

5. Maji na masinki

Bakteria wa tumbo na wa maji hujenga utando kwenye kiwiko cha bomba la kutolea maji, na klorini inayomwagwa pale hupita juu yake tu. Maji yakidondokea moja kwa moja kwenye tundu, matone huruka hadi takriban mita 1. Basi: bomba lisielekee tundu; ndani ya mita 1 pasiwe na meza ya kuchanganyia dawa, wala sindano, wala maziwa ya mtoto; na sinki la kunawia liwe la kunawia tu. Mabaki ya dripu, antibiotiki, maziwa na maji ya kuogea mgonjwa yakimwagwa humo, utando unapata chakula na dawa za kujifunzia usugu kwa mpigo.

Mwaka 2011 kituo cha kitabibu cha NIH (Taasisi za Taifa za Afya), Bethesda, Marekani, kilimpokea mgonjwa mwenye Klebsiella sugu kwa karbapenemu, kikamtenga tangu mwanzo. Aliruhusiwa katikati ya Julai. Wiki tatu baadaye, Agosti 5, akaonekana mgonjwa wa pili, na mwishowe wakafika 18. 11 walifariki, 6 kati yao kwa sababu ya maambukizi hayo. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha bakteria wote walitokana na mgonjwa wa kwanza, na bakteria akapatikana kwenye matundu ya sinki na kwenye mashine ya kupumulia iliyokuwa imekwisha kusafishwa. Kwa hiyo wiki tatu za ukimya si ushahidi kwamba mambo yamekwisha.

6. Mirija

Kila mrija una tarehe ya kuwekwa na sababu. Kila asubuhi ulizwe swali moja: leo bado unahitajika? Kama jibu ni "tuuache kwanza", utolewe.

*Mpira wa mkojo.* Kila siku unapokuwa ndani, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Mkojo wa kupitiliza kwa mzee na urahisi wa muuguzi si sababu za kuuweka. Mfuko uwe chini ya kibofu, usiguse sakafu, na mfumo usifunguliwe. Kila mgonjwa awe na chombo chake cha kumwagia mkojo; chombo kimoja kinachozunguka vitanda 12 ni njia ya haraka kuliko mhudumu yeyote.

*Mrija wa mshipa mkubwa.* Wodi za wagonjwa mahututi za jimbo la Michigan, Marekani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2006, zilipunguza maambukizi ya mirija hii kwa kiwango cha kufikia asilimia 66 kwa mambo matano: kusafisha mikono, kujifunika kikamilifu na kumfunika mgonjwa mwili mzima, klorheksidini kwenye ngozi, kukwepa mshipa wa paja, na kuutoa mrija usiohitajika. Hakukuwa na mashine mpya, ila muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua, na tunaamini hapo ndipo penye uzito. Ngozi isuguliwe kwa klorheksidini ya 2% kwenye alkoholi ya 70% kwa sekunde 30, iachwe ikauke. Mdomo wa mrija usuguliwe kwa alkoholi sekunde 15 kila unapofunguliwa.

*Kanula ya kawaida.* Tazama kila zamu. Wekundu, maumivu au uvimbe: toa.

*Dawa za sindano.* Kichupa kimoja, mgonjwa mmoja. Kuning'iniza mfuko wa maji ya chumvi na kuchota humo "flashi" (maji ya kusukumia mrija) za wodi nzima ni kosa ambalo katika wodi ya watoto wachanga linaweza kupeleka Klebsiella kwenye damu ya watoto wengi kwa siku moja.

*Mashine ya kupumulia.* Kichwa kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, usingizi wa dawa upunguzwe kila siku uone kama anaweza kupumua mwenyewe, kinywa kisafishwe. Vyombo vya unyevu vijazwe maji tasa tu na vikaushwe vikipumzika.

7. Sampuli kabla ya dozi

Damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya antibiotiki ya kwanza, lakini kwa mgonjwa mwenye mshtuko wa maambukizi usicheleweshe dawa kwa kuisubiri. Mtu mzima: seti 2 za chupa mbili mbili kutoka mishipa 2 tofauti, kila chupa mililita 8 hadi 10. Ujazo ndio unaoamua. Mililita 2 kwenye chupa ya mtu mzima humkosa bakteria aliyepo. Futa vifuniko vya chupa kwa alkoholi, kwa sababu kofia ya plastiki haikuvifanya tasa. Jaza chupa za kuotesha kabla ya chupa nyingine za damu. Usiziweke kwenye friji. Zifike maabara ndani ya saa chache.

Chupa 1 kati ya 4 ikiota stafilokoka wa ngozi, aghalabu ni uchafu wa uchukuaji. Sampuli chafu zikizidi asilimia 3, rudia mafunzo, kwa kuwa kila moja huishia kwenye antibiotiki ya vankomisini isiyohitajika.

Mkojo wa mwenye mpira usitoke kwenye mfuko. Bana mrija chini ya tundu la sampuli, futa tundu kwa alkoholi, chota kwa sindano. Ikiwa mpira umekaa zaidi ya wiki 2, badilisha kwanza. Usipofika maabara ndani ya saa 2, weka kwenye friji. Na mkojo usipimwe kwa sababu tu umebadilika rangi au harufu. Bakteria kwenye mkojo wa mtu asiye na dalili hawatibiwi, isipokuwa kwa mjamzito au kabla ya upasuaji wa njia ya mkojo.

8. Antibiotiki

Kila agizo liwe na mambo manne: ugonjwa unaotibiwa, dozi, siku ya kukaguliwa, siku ya kukoma. Saa 48 hadi 72 baadaye, majibu yakiwa mezani, chagua moja: simamisha, punguza wigo (dawa inayolenga bakteria wachache zaidi), hamisha kwenda vidonge, au endelea ukiandika kwa nini. "Endelea" isiyo na sababu mfamasia airudishe. Mgonjwa anayekula, tumbo linafanya kazi na homa imeshuka hana haja ya sindano, na kanula nayo inatoka.

Siku zinazotosha kwa mtu mzima anayepata nafuu: nimonia ya kutoka nyumbani 5, nimonia ya hospitalini 7, maambukizi ya figo 7, bakteria wa kundi la E. coli kwenye damu 7, chanzo kikiwa kimeondolewa. Staphylococcus aureus kwenye damu ni jambo jingine: si chini ya 14, zikihesabiwa tangu damu ya kwanza isiyoota kitu. Kuongeza siku "kwa usalama" huwapa bakteria waliobaki utumboni muda wa kuchujwa, wabaki walio sugu.

Kwa upasuaji, sefazolini gramu 2, au 3 kwa mwenye kilo 120 na zaidi, ndani ya dakika 60 kabla ya kisu. Rudia ukipita saa 4 au damu ikipotea zaidi ya mililita 1500. Kisha basi. Seftriaksoni ya siku 5 baada ya upasuaji safi haizuii chochote.

Panga dawa za hospitali kwa makundi ya AWaRe ya WHO yaliyotolewa mwaka 2017: za kuanzia, za kuangaliwa, za akiba. Karbapenemu na kolistini zitoke kwa saini ya pili, lakini dozi ya kwanza ya usiku isizuiwe. Saini ifuate asubuhi.

9. Mlipuko

Wawili au zaidi wenye bakteria mmoja na usugu unaofanana, wodi moja, ndani ya muda mfupi: anza siku hiyo hiyo.

Piga simu maabara wasitupe sahani zenye bakteria. Bila hizo hutajua kama ni mmoja au ni sadfa. Chora ramani ya vitanda kwa tarehe, nani alilala wapi, nani alitumia mashine ipi, nani alipita chumba cha upasuaji kipi. Ramani hii mara nyingi hujibu kabla ya maabara: ukiona wote walipita kitanda kimoja kwa nyakati tofauti, kagua kitanda, wakiwa walilala pamoja, kagua mikono. Pima wagonjwa wote wa wodi, si walio jirani peke yao. Tenga, gawa wauguzi, punguza kulaza wapya. Sampuli za mazingira chukua pale tu ramani inapokuelekeza, kwa kuwa ukipangusa kila mahali utapata bakteria wengi wasiohusika na kutumia bajeti bure.

Rudia kupima wodi kila wiki 2. Raundi 2 mfululizo bila mbebaji mpya, mlipuko umefungwa. Alama iliyowekwa kwenye faili la kila mbebaji ibaki, na ionekane ukurasa wa kwanza: mgonjwa huyo akirudi baada ya miezi 5 kwa mguu uliovunjika, mapokezi wajue kabla hajapewa kitanda.